Moto wa Kuomba

Viberiti vilikuwa vimepotea Nyabulanda tangu Kwaresima, kwa hiyo kila asubuhi mtu alichukua kigae akaenda kwa jirani kuomba kaa la moto. Hakuna aliyeona haya. Hata mwenyekiti wa kijiji aliomba. Mwaka ule wa themanini na mbili nchi nzima ilikuwa inaomba kitu fulani, kama si sabuni basi chumvi, kama si chumvi basi kipande cha kaniki cha kumzikia mtu. Moto tu ndio uliobaki wa bure, na jirani aliyekunyima moto hakuwa jirani tena.

Coletha, mke wa Anatoli, alivuka uwanja na kigae chake hadi kwa Paskalia kama alivyofanya jana yake. Paskalia alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, anakoroga uji.

"Shikamoo, Mama Selestine."

Paskalia hakuitikia. Aliinuka, akachota maji kwa kata, akayamwaga juu ya moto wake mwenyewe, uji haujaiva. Mvuke ulipaa, majivu yakaruka yakaingia chunguni. Kisha akageuka akaukabili ukuta, akasimama hivyo mpaka Coletha alipoondoka na kigae kitupu.

Ndivyo mkutano wa jana yake ulivyoamuru. Epifania, mama yake Anatoli, ametengwa. Asisalimiwe, asipewe moto, asiuziwe chumvi duka la kijiji, asichote maji wenzake wakiwapo kisimani, na akifa asizikwe na mtu. Na anayelala naye nyumba moja, yeye pia hivyo hivyo, mpaka watoto. Jeshi la jadi, lile lililoundwa kuwakimbiza wezi wa ng'ombe, lilikuwa limewamaliza wezi, na wanaume waliozoea kuogopwa hawarudi shambani kwa hiari. Walitafuta kazi nyingine wakaipata kwa vikongwe.

Kosa la Epifania lilikuwa sentensi moja. Selestine, mwana wa pekee wa Paskalia, alipokuwa anafunga mzigo kwenda machimbo ya dhahabu upande wa Geita, bibi huyu alimwambia mbele za watu, "Ardhi haitoi kitu bure, mwanangu." Alimwonya kama bibi yeyote angemwonya mjukuu. Selestine akaenda, duara, yaani shimo la wachimbaji, likamfukia na wenzake, na onyo likageuka laana. Halafu kulikuwa na yale macho yake mekundu. Kila aliyewahi kupikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, kwa kuwa kuni zimekwisha, anajua macho mekundu yanatoka wapi. Wanawake wote waliokaa mkutanoni walijua. Penye wengi hapaharibiki neno, wanasema. Waliosema hivyo hawakuhudhuria mkutano wa Nyabulanda.

"Na wewe ulisema nini?" Coletha alimuuliza mumewe, kigae bado mkononi.

Anatoli alikuwa anafunga jembe la kukokotwa, au anajifanya kulifunga. "Ningesema nini?"

"Ungesema huyu ni mama yangu!"

"Wanajua ni mama yangu. Walikuwa na mishale, Coletha. Maduhu alisimama mbele yangu na upinde, akaniuliza kama nina neno. Nikaangalia chini."

"Basi mwite kaka yako," Coletha alisema. "Aje na Ujerumani wake atusaidie."

* * *

Kaka aliyetajwa ni Dokta Damian Luhende, mwalimu wa historia katika chuo kikuu huko Dar es Salaam. Simu ya maandishi ilimfikia asubuhi ile ile aliyoitwa mbele ya kamati ya kupandisha vyeo. Aliisoma ukumbini: MAMA AMETENGWA NJOO ANATOLI. Akaikunja, akaitia mfukoni, akaingia kujibu maswali, kwa sababu alikuwa ameisubiri kamati hiyo muda mrefu kupita kiasi.

Damian alikuwa mtu wa ajabu pale chuoni, na hawakumwacha asahau. Alijifunza Kijerumani akiwa mtumishi wa altare Ushirombo, kwa padri mzee aliyekuwa anagombana na kuku wake kwa lugha hiyo. Akapata nafasi ya kusoma Ujerumani Magharibi. Wote walitegemea atarudi na utafiti juu ya ukoloni wa Wajerumani. Akarudi na Wayahudi wa Ujerumani: walivyopigania kuwa raia kwa miaka mia na zaidi, wanafikra wao walivyobishana maana ya kuwa wa taifa fulani, na jinsi walivyovuliwa uraia huo na watu waliokuwa wanaimba nao kwaya moja.

"Ndugu Luhende," mwenyekiti wa kamati alisema, akiifunua miwani yake na kuifunga, "kazi yako imesifiwa nje. Hatukatai. Lakini sisi ni taifa la wakulima na wafanyakazi. Myahudi wa Ujerumani anamsaidia nini mkulima wa pamba?"

"Anamsaidia kujua jinsi jirani anavyofanywa adui, Ndugu Mwenyekiti. Haianzi na bunduki. Inaanza na salamu."

Wajumbe wawili walichekeana. Mmoja aliuliza kama kweli haoni kwamba utafiti wake unaifurahisha Israeli. Damian alieleza, kwa mara nyingine tena, kwamba watu anaowaandika walikufa kabla Israeli haijakuwapo. Mjumbe akasema, "Hata hivyo," na akaandika kitu. Ndivyo maisha ya usomi yanavyokwenda: mtu anatoa ujana wake wote kwa swali moja, halafu anaambiwa "hata hivyo" na mtu ambaye hajasoma hata jalada la kitabu chake.

Kitabu chenyewe kilihusu mji mmoja mdogo, na ndani ya mji huo mtu mmoja, mzee Loewenthal, aliyekuwa kiongozi wa Wayahudi wa pale. Wakubwa wa mji walipotaka Wayahudi watoke katika kwaya, katika chama cha zimamoto na katika baraza la soko, hawakutaka kuonekana wamewafukuza. Walitaka kila Myahudi atie sahihi kwamba amejiuzulu kwa hiari yake, kwa kuwa ameona hafai. Loewenthal alikwenda nyumba kwa nyumba akiwabembeleza watu wake watie sahihi. Ni maneno tu, aliwaambia, tutie sahihi watuache tuishi. Damian hakumsamehe. Aliandika kwamba mpaka siku ile walikuwapo majirani wema waliokuwa wakiona aibu. Sahihi zile ziliwaondolea aibu, kwa maana mtu mwenyewe amekiri. Sheria iliwanyima Wayahudi haki, aliandika Damian, lakini Loewenthal aliwanyima mashahidi. Sentensi hiyo ndiyo iliyompa jina. Ilinukuliwa na watu wa vyuo vikubwa.

Siku ya kuitetea tasnifu, profesa wake, mama wa Kiyahudi aliyerudi kutoka uhamishoni akiwa na mvi tupu, aliuliza swali moja tu. "Bwana Luhende, una mama?" Damian alijibu kwamba swali la mwanahistoria si nani ana mama bali uamuzi ulizaa nini. Waliokuwapo walilipenda jibu lile. Yule mama aliinamisha kichwa, akampa alama za juu.

Kamati ilipomruhusu kuondoka, Damian alikwenda moja kwa moja stesheni.

* * *

Gari moshi lilimshusha Shinyanga akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Hapakuwa na usafiri wa kwenda Ushirombo ila lori la Bashiri, mfanyabiashara wa mtaa wa Kambarage, mtu mnene mwenye kofia ya kitani ambaye babu yake alikuja na misafara kutoka pwani na ambaye aliupenda mji huu kwa kuutukana. Alimkuta barazani anasimamia upakiaji wa mabati.

"Umesema wewe ni dokta?" Bashiri alisema. "Alhamdulillahi. Kaa mbele. Mguu wangu huu tangu mfungo unanipiga kama nina deni nao."

"Mimi si dokta wa dawa, mzee wangu. Ni wa historia."

"Wa historia." Bashiri alilitafuna neno. "Huna hata sindano?"

"Sina."

"Basi kaa nyuma na mabati."

Vijana wapakiaji walicheka hadi wakaweka mzigo chini. Mwishowe Bashiri alimwonea huruma akamketisha mbele, na njiani akamhoji kama hakimu. Damian alipomweleza habari ya mama yake, mzee yule aliacha mzaha.

"Macho mekundu," alisema. "Hivi pale Kolandoto hospitali ya misheni haipo? Si wanatibu macho? Kwa nini hukumleta?"

Damian alitazama dirishani. Alikuwa amemwahidi mama yake Kolandoto mwaka aliokwenda kwenye kongamano la Frankfurt. Akaahidi tena mwaka kitabu kilipotoka. Likizo moja aliitumia kusahihisha faharasa.

"Nilikuwa na kazi," alisema.

 Bashiri alibadili gia kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

* * *

Alipoingia Nyabulanda kwa miguu, begi begani, Damian aliwaamkia watu waliomfundisha kutembea. "Shikamoo, baba." "Mwangaluka, mayu." Waligeuza nyuso mmoja baada ya mwingine. Mzee aliyemsindikiza mpaka seminari na kumpa jogoo wa njiani alijifanya anatafuta kitu kwenye nyasi. Mtu anaweza kuandika kurasa mia nne juu ya jambo hili, akanukuliwa na mabingwa, na bado asijue linavyouma mpaka lifanywe kwake mchana kweupe.

Epifania alikuwa amekaa mlangoni, anapepeta mtama. Alikuwa mwembamba kuliko alivyomwacha, na macho yale yalikuwa kama vidonda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu!" Aliitikia kwa sauti kubwa, makusudi, ili uwanja mzima usikie kwamba bado kuna mtu anamsalimu. "Marahaba, Damian! Umekula? Hapa hakuna chumvi. Moto tunao, Anatoli anaupekecha kwa kijiti kama mtu wa zamani za Nuhu."

Walikula ugali na mlenda usio na chumvi. Shuleni watoto wa Anatoli walikuwa wamekalishwa dawati la peke yao. Anatoli alieleza mambo yalivyo. Kulikuwa na njia mbili. Mama akiri mbele ya mkutano wa Jumapili na kutoa dume moja la kuliwa na kijiji. Hapo atarudishwa, atasalimiwa, mambo yamekwisha. Au aondoke. Kijiji cha pili bibi mmoja alikataa yote mawili.

"Ikawaje?" Damian aliuliza.

"Alikutwa shambani. Mapanga."

"Nami nitakutwa shambani," Epifania alisema. "Mtama unakomaa, nani atafukuza ndege?"

* * *

Damian alianza na anachokijua. Alikwenda kwa Herman, mwenyekiti wa kijiji, akiwa amevaa suti ya Kaunda, na kumsomea Katiba kwa kichwa. Herman alimpokea vizuri, kwa kuwa chama kilimtaka awapokee watu wa Dar vizuri, lakini hakumpa kiti.

"Dokta, hayo unayosema ni kweli," Herman alisema. "Raia, haki, vyote nimevisoma kwenye semina. Sasa niambie: leo nikiwaambia watu wampe mama yako moto, kesho mke wangu ataomba moto wapi?"

"Wewe ni serikali."

"Serikali nayo inaomba moto."

"Kwa hiyo unakubali kwamba mama yangu ni mchawi?"

Herman alisonya. "Mimi nimesema neno hilo? Mimi sijui. Hakuna anayejua. Ndiyo maana tunataka aseme mwenyewe, tupumzike."

Kituo cha polisi kilikuwa mbali, na askari aliyemsikiliza alimshauri, kwa upole, ampeleke mama yake mjini. Damian alisema mama hataki kuacha kaburi la mumewe na mtama wake. Askari akasema basi, angalau, faili litafunguliwa. Faili! Watu wa ofisi wana neno moja la kuwafariji walio hai na waliokufa.

Aliporudi alimkuta Maduhu, mkuu wa jeshi la jadi, amekaa uwanjani pao kwenye kinu kilichopinduliwa, upinde magotini. Hakuwa mtu mbaya wa kutisha, na hilo ndilo lililomkasirisha Damian zaidi. Walikuwa wamechunga pamoja. Walikuwa wameiba viazi pamoja.

"Damian, mimi nakuheshimu," Maduhu alisema. "Nimewaambia vijana wangoje mpaka Jumapili kwa ajili yako. Wengine hawakutaka kungoja."

"Selestine alifukiwa na duara. Magogo yalikuwa mabovu. Tajiri wa lile shimo yuko Geita anakunywa bia. Kwa nini hamkumtenga yeye?"

"Yule hatuombi kwake moto," Maduhu alisema, akasimama. "Jumapili. Ni maneno tu. Aseme, tule nyama, yaishe."

* * *

Sasa sikiliza mtu msomi alivyofanya. Damian alizunguka shamba la mtama mpaka viatu vyake vikachakaa, na katika mzunguko ule aliwaza kila kitu. Aliwaza mapanga. Aliwaza watoto wa Anatoli kwenye dawati lao. Aliwaza pia kamati, na mwaliko wa kwenda kuhutubia Ujerumani mwezi unaofuata, na pasipoti iliyokuwa inangoja muhuri. Hakupenda kuliwaza hili la mwisho, lakini aliliwaza, na mimi sitamsitiri. Kisha alimfuata mama yake, aliyekuwa anafukuza ndege kwa kombeo la kamba.

"Mama, nakuomba kitu."

"Omba."

"Jumapili uwaambie wanachotaka. Ni maneno tu."

Epifania alishusha kombeo. "Maneno tu? Wewe uliyekula maneno maisha yako yote, ukamlisha mkeo maneno, ukajenga nyumba ya maneno, leo unaniambia maneno tu?"

"Wataku... Mama, watakuua."

"Unaamini nilimuua Selestine?"

"Hapana! Hapana, mama."

"Basi simama wewe Jumapili useme hivyo. Mimi sina mdomo wa mkutano. Wewe unao; nimesikia mpaka Wazungu wanakaa chini kukusikiliza. Waambie: huyu ni mama yangu, hakumuua mtu. Halafu tuone."

"Nikisema hivyo na wasikubali, wataondoka na hasira. Mimi nitarudi Dar. Wewe utabaki. Anatoli atabaki. Watoto watabaki."

"Nami nikisema ya kwako, nitabaki pia. Nitabaki nani?"

Damian alifanya kile ambacho watoto hufanya kwa mama zao: alilia. Mwanaume mwenye mvi alilia katikati ya mtama, akisema watoto, watoto, watoto. Ndege walishuka wakala, na Epifania hakuwafukuza.

"Wewe ndiye uliyesoma," alisema mwishoni. "Mimi sijui kitu. Kama umesoma ukaona ndivyo inavyofaa, nitasema. Lakini ni wewe umesema, Damian. Si Maduhu."

* * *

Jumapili baada ya Misa watu walikaa duara mbele ya ghala la pamba. Maduhu na vijana wake walisimama na manyoya vichwani. Dume la Anatoli, ambalo lilikuwa nusu ya jozi yake ya kulimia, lilifungwa kwenye nguzo. Damian alikuwa amemwahidi kumnunulia lingine. Anatoli alilitazama dume lake.

Epifania alisimama na kitenge cha kanisani. Hakuinama.

"Mnataka nikiri," alisema. "Nakiri. Selestine nilimla mimi. Nilimtuma ardhi imkamate. Mnisamehe."

Alisema kwa sauti ile ile anayosalia rozari, haraka, kama mtu anayeshusha mzigo asiotaka kuushika. Vijana wa Maduhu walipiga mwano, lile yowe lao la vitani, na dume likavutwa. Watu wakaanza kupumua, wakaanza hata kucheka. Yameisha. Mwenyekiti Herman alikuwa wa kwanza kumjia Epifania, mkono mbele: "Shikamoo, mama." Wakafuata wengine, mstari mzima, wamefurahi kweli, kwa sababu kumnyima mtu salamu ni kazi ngumu na walikuwa wamechoka nayo.

Paskalia peke yake hakuwa kwenye mstari. Alikuwa amekaa chini, mikono imeshika kichwa, na Damian alipopita karibu alimshika suruali.

"Damian, mwanangu," alisema. "Mimi nilizima moto wangu kwa kuogopa hawa. Sikuamini. Mungu shahidi, hata siku moja sikuamini. Nilijua Mama Damian alimpenda mwanangu, alimkata kitovu. Nilikuwa nasubiri waondoke na mishale yao nimpelekee moto kwa siri." Kisha akapayuka, sauti ikakwaruza uwanja wote, "Kumbe ni kweli! Amesema mwenyewe! Kumbe mwanangu alimla kweli!"

Damian alisimama pale na suruali yake mkononi mwa mwanamke yule. Sentensi yake, ile iliyompa jina, ilimrudia neno kwa neno. Alikuwa ameiandika kwenye meza safi, dirisha likitazama mto, akimhukumu mzee mmoja aliyekufa. Na yule profesa mwenye mvi alikuwa amemuuliza kama ana mama, na yeye alijibu vizuri sana, na walimpa alama za juu. Alitaka kupiga kelele kwamba si kweli, kwamba ni yeye aliyemfundisha kusema. Alifungua mdomo. Lakini nyama ilikuwa tayari inakatwa, na Herman alikuwa anamwita aje apewe kipande cha heshima. Alikwenda. Akapokea kwa mikono miwili, kama alivyolelewa.

* * *

Asubuhi iliyofuata moto ulikuja wenyewe. Coletha hakuhitaji kuvuka uwanja. Wanawake walileta makaa vigaeni, na mmoja alileta chumvi kwenye jani. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." "Umeamkaje, bibi?" "Salama, mjukuu wangu." Epifania aliwaitikia wote, wakubwa kwa wadogo, bila kumruka yeyote. Mlango wa Paskalia tu ndio ulikuwa umefungwa. Baadaye ilijulikana alifunga mzigo akaenda kwa dada yake Kahama, na hakurudi kuishi Nyabulanda.

Damian alitoka ndani akiwa amevaa suti yake. Lori la Bashiri lilikuwa linamngoja barabara kuu. Mama yake alikuwa mbele ya mafiga, anapanga makaa mapya.

"Shikamoo, mama."

Epifania aliendelea kupanga makaa.

Alidhani hakusikia. Alisogea karibu, akapiga goti kwenye vumbi, suti na yote. "Shikamoo, mama yangu."

Mwanamke yule aliinua kichwa, akamtazama mwanawe kwa yale macho mekundu ambayo hayakuwahi kufika Kolandoto. Kisha akachota majivu kwa viganja viwili akaufukia moto wote, kaa kwa kaa, mpaka pakawa kijivu. Coletha alisimama na sufuria mkononi, hajui aiweke wapi. Anatoli aligeukia zizi lenye dume moja.

"Nisamehe," Damian alisema. "Mama, nisamehe. Niambie chochote. Nitukane."

Honi ya lori ililia barabarani. Ikalia tena, ndefu, Bashiri hakuwa mtu wa kungoja. Damian alibaki amepiga goti. Watu waliokuwa wanapita na majembe walimsalimu kwa furaha, "Habari za asubuhi, Dokta!", na hakuweza kuwajibu.

Epifania alijipangusa majivu kwenye kitenge. Alipofungua mdomo, hakumtazama yeye.

"Coletha," alisema, "mpe mgeni maji ya kunywa. Anakokwenda ni mbali."